Mzizi mmoja wa polinomia umetolewa: mizizi iliyobaki inapatikanaje?

kidato6_pcm

Habari za jioni wakuu. Naomba mwongozo kwenye swali la aina hii, linajirudia sana kwenye mada ya namba changamano (zenye i, ambapo i² = −1):

2 − 3i ni mzizi wa P(x) = 2x⁴ − 7x³ + 16x² + 37x − 78. Tafuta mizizi yote iliyobaki.

Ugawaji sintetiki (ule wa kutumia safu ya koefishenti tu, yaani namba zilizo mbele ya x) naufahamu mzizi ukiwa namba ya kawaida. Hapa nikigawanya kwa 2 − 3i napata safu hii: 2, −3 − 6i, −8 − 3i, 12 + 18i, baki 0. Baki ni sifuri, kwa hiyo mzizi ni wa kweli, ila kilichobaki ni polinomia ya kipeo cha tatu iliyojaa i na sioni pa kuishika.

Ninachouliza:

a) Kutoka hapo naendaje, na kuna njia fupi zaidi?

b) Kila mahali wanaandika "kwa hiyo 2 + 3i nao ni mzizi". Kwa nini? Na mzizi kama 1 − √3 nao unakuja na mwenza wake?

c) Kuna maswali ambayo koefishenti zenyewe hazijulikani, mfano: 1 + 2i ni mzizi wa x³ + ax² + bx − 10, a na b ni namba halisi, tafuta a, b na mizizi mingine. Ni lazima niweke 1 + 2i ndani na kupanua vipeo vyote?

Nawasilisha.

---

mwl_vigawo

Safu yako iko sahihi, mkuu, na umebakiza hatua moja tu. Nianze na sababu, maana ndiyo inayokuambia lini njia inafaa na lini haifai.

Chukua P(x) ambayo koefishenti zake zote ni namba halisi. Weka 2 − 3i ndani, fanya hesabu yote, unapata 0. Sasa rudia hesabu ileile neno kwa neno, ila kila palipo na i weka −i. Koefishenti hazina i, kwa hiyo hazibadiliki hata moja. Kinachobadilika ni alama ya i kwenye kila hatua, hadi kwenye jibu la mwisho. Jibu la kwanza lilikuwa 0 + 0i, kwa hiyo la pili ni 0 − 0i, ambalo ni sifuri ileile. Basi 2 + 3i ni mzizi. Sharti ni moja: koefishenti ziwe halisi. Kabla hujaandika "na mwenza wake", pitisha jicho kwenye koefishenti zote.

Kuendelea na safu yako: igawanye tena, safari hii kwa 2 + 3i.

Shusha 2.
2 × (2 + 3i) = 4 + 6i. Jumlisha na −3 − 6i, unapata 1.
1 × (2 + 3i) = 2 + 3i. Jumlisha na −8 − 3i, unapata −6.
−6 × (2 + 3i) = −12 − 18i. Jumlisha na 12 + 18i, unapata 0.

Safu mpya ni 2, 1, −6. Ile i imetoweka yote, na ni lazima itoweke. Ukigawanya kwa mzizi na mwenza wake halafu bado ukaona i popote kwenye safu, usiendelee: kuna alama umeikosea juu. Makosa mengi hutokea kwenye kuzidisha, pale (−6i)(−3i) = 18i² inapoandikwa +18 badala ya −18.

Njia hiyo ni sahihi lakini ina kuzidisha kwingi kwa namba changamano, na mtihani una saa zake. Mimi nashauri uunganishe mizizi miwili kabla ya kugawanya. Vigawo (x − (2 − 3i)) na (x − (2 + 3i)) vikizidishwa vinatoa kwadratiki yenye namba halisi tupu:

x² − (jumla ya mizizi)x + (zao la mizizi)

Jumla ni 4. Zao ni (2 − 3i)(2 + 3i) = 4 + 9 = 13. Kwa hiyo kigawo ni x² − 4x + 13. Tahadhari mbili hapa. Zao ni 4 + 9, si 4 − 9, kwa sababu i² inageuza alama. Na neno la katikati ni −4x, alama inapinduka.

Sasa gawanya P(x) kwa x² − 4x + 13 kwa ugawaji mrefu wa kawaida:

2x⁴ ÷ x² = 2x². Zidisha: 2x⁴ − 8x³ + 26x². Ukitoa, inabaki x³ − 10x² + 37x − 78.
x³ ÷ x² = x. Zidisha: x³ − 4x² + 13x. Ukitoa, inabaki −6x² + 24x − 78.
−6x² ÷ x² = −6. Zidisha: −6x² + 24x − 78. Ukitoa, inabaki 0.

Jibu la kugawanya ni 2x² + x − 6, zile namba 2, 1, −6 za juu. Tatua: b² − 4ac = 1 + 48 = 49, kwa hiyo x = (−1 ± 7)/4, yaani 3/2 na −2.

Mizizi iliyobaki ni 2 + 3i, 3/2 na −2. Ni mitatu. Andika na 2 + 3i kwenye jibu. Kuna wanaoitumia njiani halafu mwishoni wanaorodhesha miwili tu, na alama inapotea bure.

Ugawaji mrefu ukikuchosha, linganisha koefishenti. Andika P(x) = (x² − 4x + 13)(2x² + bx + c). Neno la mwisho: 13c = −78, c = −6. Neno la x³: b − 8 = −7, b = 1. Umemaliza bila kugawanya, na bado una maneno mawili hujayagusa, yatumie kuhakiki. Kwenye x²: c − 4b + 26 = −6 − 4 + 26 = 16, sawa. Kwenye x: −4c + 13b = 24 + 13 = 37, sawa. Binafsi naona hii ndiyo njia bora kwa polinomia ya kipeo cha nne, kwa sababu uhakiki umo ndani yake.

---

Nukta_Tatu

Naongezea kwenye (b), sehemu ya √3, kwa sababu hapo ndipo watu wanabeba kanuni na kuipeleka isikohusika.

1 − √3 ina mwenza 1 + √3 kama koefishenti zote ni namba wiano, yaani namba nzima au sehemu. Uhalisi peke yake hautoshi. Tazama x² − (1 + √2)x + √2. Koefishenti zake ni halisi zote, mizizi yake ni 1 na √2, na −√2 haimo kabisa. Kwa hiyo masharti ni mawili tofauti: kwa i, koefishenti ziwe halisi, kwa kipeuo cha pili, ziwe wiano.

Sharti likitimia, hatua ni zilezile. Jumla ya 1 − √3 na 1 + √3 ni 2, zao ni 1 − 3 = −2, kigawo ni x² − 2x − 2. Hapa zao linatumia alama ya kutoa, kinyume na kwenye i. Ndiyo maana ni vizuri kulizidisha kwa mkono kila mara badala ya kukariri.

Na hii ni ya vipeuo vya pili tu. Mzizi wa x³ − 2 ni ∛2, lakini −∛2 si mwenza wake. Ukiweka −∛2 unapata −4. Ukigawanya kwa x − ∛2 unapata x² + ∛2·x + ∛4. Hapo b² − 4ac = ∛4 − 4∛4 = −3∛4, ni hasi, kwa hiyo mizizi miwili iliyobaki ni changamano.

Mzizi ukiwa na vipeuo viwili kama √2 + √3, wenza si mmoja. Pandisha kipeo cha pili: x² = 5 + 2√6. Hamisha 5 na upandishe tena: (x² − 5)² = 24, yaani x⁴ − 10x² + 1 = 0. Mizizi yake minne ni √2 + √3, √2 − √3, −√2 + √3 na −√2 − √3.

Koefishenti zenye i nazo msizisahau. Mfano x² − (3 + i)x + 2 + 2i = 0, umepewa 1 + i. Ukikimbilia 1 − i umepotea. Jumla ya mizizi ni 3 + i, kwa hiyo mwingine ni 3 + i − (1 + i) = 2. Hakikisha kwa zao: 2(1 + i) = 2 + 2i, sawa.

---

mwana_wa_jumla_na_zao

Swali (c) linajibiwa na jumla na zao moja kwa moja, bila kupanua kipeo chochote. Mahusiano haya ya mizizi na koefishenti yanajulikana kwa jina la François Viète, Mfaransa wa karne ya 16.

x³ + ax² + bx − 10, a na b halisi, kwa hiyo 1 − 2i yumo. Mzizi wa tatu uite r.

Zao la mizizi mitatu kwenye kipeo cha tatu ni neno la mwisho likigeuzwa alama: 10. Zao la (1 + 2i)(1 − 2i) ni 5. Basi 5r = 10, r = 2.
Jumla ya mizizi ni −a: 2 + 2 = 4, kwa hiyo a = −4.
b ni jumla ya mazao ya mizizi miwili miwili: 5 + 2(1 + 2i) + 2(1 − 2i) = 5 + 4 = 9.

Mlinganyo ni x³ − 4x² + 9x − 10 = 0, mizizi iliyobaki 1 − 2i na 2.

Njia ya kuweka 1 + 2i ndani nayo inafika. (1 + 2i)² = −3 + 4i, (1 + 2i)³ = −11 − 2i. Sehemu halisi inatoa −21 − 3a + b = 0, sehemu ya i inatoa −2 + 4a + 2b = 0. Ukizitatua pamoja, a = −4 na b = 9. Itumie kama kuhakiki muda ukikuruhusu.

Sasa rudi kwenye swali la kwanza kwa njia hii: P(x) = 2x⁴ − 7x³ + 16x² + 37x − 78. Jumla ya mizizi minne ni 7/2, zao ni −78/2 = −39. Toa mizizi miwili unayoijua: jumla inayobaki ni 7/2 − 4 = −1/2, zao linalobaki ni −39 ÷ 13 = −3. Kwa hiyo x² + x/2 − 3 = 0, zidisha kwa 2, 2x² + x − 6 = 0. Mistari mitatu.

Mtego ni ile 2 iliyo mbele ya x⁴. Ukisahau kugawanya kwayo unapata jumla 3 na zao −6, yaani x² − 3x − 6 = 0, ambayo b² − 4ac yake ni 33. Inatoa mizizi yenye √33 inayoonekana ya heshima kabisa, na yote si sahihi. Alama ya zao nayo hufuata kipeo: kipeo shufwa zao ni neno la mwisho gawanya kwa koefishenti ya kwanza, kipeo witiri unageuza alama.

---

mwl_vigawo

Nakubaliana na njia ya jumla na zao kwa mtu anayehakiki, lakini niweke angalizo zito. Njia hiyo inaamini kwamba mzizi uliopewa ni mzizi kweli. Ukinakili swali vibaya, ukaandika 27x badala ya 37x, jumla na zao havitaguswa kabisa, na utatoa majibu yaleyale kwa polinomia ambayo si yake. Ugawaji ungekuonyesha baki la −10x palepale. Kwa hiyo ukitumia njia fupi, chukua mzizi mmoja ulio rahisi na uuweke ndani. Hapa weka −2: 32 + 56 + 64 − 74 − 78 = 0. Ni sekunde chache.

---

kidato6_pcm

Asanteni sana walimu wangu, (a) hadi (c) zimekaa vizuri. Nyongeza moja: kama P(x) hiyohiyo ningepewa 3/2 badala ya 2 − 3i? Na polinomia ikikosa neno la x katikati?

---

mwl_vigawo

Ukipewa 3/2 hakuna mwenza wa kutafuta, unagawanya moja kwa moja. Safu ya kwanza ni 2, −7, 16, 37, −78:

Shusha 2.
2 × 3/2 = 3, −7 + 3 = −4.
−4 × 3/2 = −6, 16 − 6 = 10.
10 × 3/2 = 15, 37 + 15 = 52.
52 × 3/2 = 78, −78 + 78 = 0.

Unapata (x − 3/2)(2x³ − 4x² + 10x + 52). Kosa lililozoeleka hapa ni kuandika (2x − 3)(2x³ − 4x² + 10x + 52), ambayo ni mara mbili ya P(x). Ukitaka kuondoa sehemu, itoe ile 2 kwenye mabano ya pili na uipeleke ya kwanza: (2x − 3)(x³ − 2x² + 5x + 26).

Iliyobaki ni ya kipeo cha tatu, na mzizi wake hujapewa. Jaribu vigawo vya 26, chanya na hasi: 1, 2, 13, 26. Koefishenti ya x³ ni 1, kwa hiyo mzizi wowote ulio namba wiano lazima utoke kwenye orodha hiyo. 1 inatoa 30, −1 inatoa 18, 2 inatoa 36, −2 inatoa −8 − 8 − 10 + 26 = 0. Gawanya kwa −2: safu 1, −2, 5, 26 inakuwa 1, −4, 13, baki 0. Umerudi kwenye x² − 4x + 13; b² − 4ac = 16 − 52 = −36, mizizi 2 ± 3i.

Neno likikosekana, weka 0 mahali pake kwenye safu, bila hivyo kila namba inayofuata inakaa kwenye kiti cha mwenzake. Mfano: −3 ni mzizi wa 3x³ + 10x² − 9. Neno la x halipo, safu ni 3, 10, 0, −9. Shusha 3; 10 − 9 = 1; 0 − 3 = −3; −9 + 9 = 0. Inabaki 3x² + x − 3, mizizi (−1 ± √37)/6. Ukiandika 3, 10, −9 bila sifuri, unapata 3, 1, −12, na utadhani −3 si mzizi.

---

mhandisi_desimali

Nigusie upande ambao mitihani haiufiki lakini kazini upo kila siku: mzizi unaojulikana ukiwa wa kukadiria.

Chukua x³ − 2x − 5 = 0, mfano ambao Isaac Newton mwenyewe aliutumia kuonyesha njia yake ya kukaribia mzizi. Mzizi wake halisi ni takriban 2.0945515. Gawanya kwa huo, safu 1, 0, −2, −5 inatoa 1, 2.0945515, 2.3871460 na baki la takriban 0.0000002. Kwadratiki iliyobaki inatoa −1.04728 ± 1.13594i.

Sasa fanya uvivu, tumia 2.09. Baki linakuwa −0.050671, kwadratiki ni x² + 2.09x + 2.3681, mizizi −1.045 ± 1.1296i. Kosa la mzizi wa kwanza limehamia kwenye yote miwili, tayari kwenye nafasi ya tatu ya desimali. Na hii ni polinomia ya kipeo cha tatu tu. Kwenye kipeo cha kumi unagawanya mara nyingi, na kila mara unagawanya kitu kilichokwisha kuchafuka.

Ninachoshauri:

Beba tarakimu zote ambazo kikokotoo kinashika, kadiria mwishoni tu. Ukishapata mzizi kutoka polinomia iliyopunguzwa, uchukue kama makisio na uunoe kwa hatua moja au mbili za Newton, x − P(x)/P′(x) (P′ ni derivativu ya P), kwenye polinomia ya MWANZO, siyo iliyopunguzwa. Na ukiwa unaondoa mizizi mmoja mmoja kwa ugawaji wa kuanzia koefishenti ya kipeo kikubwa, anza na mizizi yenye ukubwa mdogo.

Kuna polinomia ambazo hata hivyo hazisameheki. James Wilkinson, mtaalamu wa Uingereza, alichukua (x − 1)(x − 2)…(x − 20). Koefishenti ya x¹⁹ ni −210. Aliisogeza kwa 2 kwa kipeo cha −23 tu, yaani takriban 0.00000012, na mizizi kumi kati ya ishirini ikageuka changamano. Tatizo hapo limo kwenye koefishenti zenyewe, ugawaji wako uwe safi namna gani.

Kwa wenye Python, uhakiki wa swali la kwanza ni mstari mmoja baada ya kuita numpy, maktaba yake ya hesabu:

numpy.polydiv([2, -7, 16, 37, -78], [1, -4, 13])

Inarudisha 2, 1, −6 na baki 0. Neno likikosekana, sifuri inaandikwa humu pia.

---

kidato6_pcm

Hii ya mwisho kabisa: x⁴ + 2x² + 1, umepewa i. Nimechukua i na −i, kigawo x² + 1, nimegawanya, imebaki x² + 1 tena. Naandika mizizi iliyobaki ni −i peke yake?

---

Nukta_Tatu

Hapana. Polinomia ya kipeo cha nne ina mizizi minne ukihesabu inayojirudia. Umepewa mmoja, inabaki mitatu: i tena, −i, na −i. Swali likisema "mizizi tofauti" hapo ndipo unaandika −i tu.

Ukitaka kujua mapema kama mzizi uliopewa unajirudia, weka kwenye P′(x). Hapa P′(x) = 4x³ + 4x, na kwa x = i unapata −4i + 4i = 0, kwa hiyo unajirudia. Kwenye swali lako la kwanza P′(x) = 8x³ − 21x² + 32x + 37; weka −2 unapata −64 − 84 − 64 + 37 = −175, si sifuri, kwa hiyo −2 inatokea mara moja tu.